Orodha ya Vyuo vya Kuomba

Jioni ya leo tumekuja kusema nanyi habari za vijana wa Tanzania waliomaliza kidato cha sita, na jinsi wanavyochagua vyuo vya kuomba. Twasema zaidi na vijana wenyewe, lakini wazee nao na wasogee, maana mara nyingi mzee ndiye atajaye jina la chuo kabla matokeo hayajatoka.

Wala si ajabu. Zamani mtu wa Tanganyika aliyetaka elimu ya juu katika nchi hizi alitazama Makerere, iliyoanzishwa Kampala mwaka wa 1922. Chuo cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka wa 1961, nacho kilianza kwa masomo ya sheria peke yake. Watu wa siku zile hawakuwa na haja ya orodha. Walikuwa na jina moja, ama waende ama wabaki. Leo pana Sokoine na Mzumbe mkoani Morogoro, pana Muhimbili, pana Ardhi, pana Chuo Kikuu cha Dodoma kilichoanzishwa mwaka wa 2007, na vingine vingi. Lakini desturi ya jina moja ingali vichwani mwetu.

Msichana mmoja alitujia amepata C katika Baiolojia, D katika Kemia na E katika Fizikia. Alituamkia, tukamwitikia, akatoa karatasi yake. Alikuwa ameandika udaktari mara tatu, katika vyuo vitatu. Tukamwuliza, "Na la nne, binti yetu?" Akainama, akasema, "Mwalimu, baba amekwisha waambia majirani kwamba mimi ni daktari."

Tukaketi naye tukafanya hesabu. Herufi A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, na E ni 1. Sharti la jumla la kuingia shahada ni kufaulu masomo makuu mawili yatakayofikisha pointi 4. Yeye kwa C na D tu anazo 5, kwa hiyo lango kubwa amelipita. Lakini ndani ya lango kila kozi ina mlango wake. Udaktari wataka masomo yote matatu, na E ya Fizikia haitoshi. Basi karatasi ile haikuwa na maombi matatu. Lilikuwa ombi moja lisilowezekana, lililoandikwa mara tatu.

Hapo ndipo wengi hupotea, hata wenye alama nzuri. Kutimiza sharti la chini si kuahidiwa nafasi. Ikiwa chuo kina nafasi mia na wenye sifa ni elfu, huchukua walio juu kwanza. Tume ya Vyuo Vikuu hutoa kitabu cha mwongozo kila mwaka, nacho huonyesha sifa za kila kozi na idadi ya nafasi zake. Kisomeni hicho kabla ya maneno ya barazani. Na kiwe cha mwaka huu, si kile alichokiacha kaka.

Twaona yafaa orodha iwe na kozi moja ambayo mtu aifikia kwa kunyosha mkono, kisha mbili au tatu ambazo alama zake zimezidi sharti waziwazi, na mwisho moja iliyo karibu na hakika. Hiyo ya mwisho ndiyo ichaguliwayo kwa uzembe kuliko zote. Twamjua kijana aliyeijaza kwa kozi asiyoipenda hata kidogo, kwa kuwa mstari ulikuwa mtupu. Akachaguliwa huko tu, akakataa kwenda, na mwaka mzima ukapotea.

Msichana wetu aliandika ualimu wa Baiolojia na Kemia katika vyuo viwili, na kilimo katika kimoja. Tena akaomba stashahada ya utabibu, ya miaka mitatu, kwa kuwa alama zake za kidato cha nne zilimruhusu. Baba yake alipoelezwa alinyamaza sana, kisha akauliza, "Na tabibu naye huvaa koti jeupe?" Tukamwambia huvaa.

Habari ya fedha isisahauliwe. Kuchaguliwa na chuo si kupata mkopo. Bodi ya Mikopo ina maombi yake mbali, na hutaka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa. Jambo hilo lianzwe mapema.

Mtu aweza kuchaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja, lakini lazima athibitishe kimoja katika siku zilizowekwa, kwa namba ya siri aletewayo. Kijana mmoja wa kwetu alijaziwa maombi katika duka la intaneti mjini, na kwa kuwa hakuwa na simu, mwenye duka akaandika namba yake mwenyewe. Ujumbe ulipokuja, mwenye duka alikuwa amekwenda msibani na simu imezimwa. Aliporudi, siku zilikuwa zimekwisha.

Msichana wetu aliandika namba ya mama yake mdogo, auzaye samaki sokoni, ambaye simu yake haizimwi usiku wala mchana. Ujumbe ulifika alfajiri, naye akathibitisha ualimu kabla ya jua kuchomoza.