Ubao Asiouona

Msikilizaji, tunapowazungumzia watoto wenye ualbino, mara nyingi tunaishia kwenye usalama wao, na ni haki tufanye hivyo. Lakini ipo dhuluma nyingine inayotendeka mchana kweupe, darasani, bila mtu kukusudia ubaya.

Ualbino hauishii kwenye ngozi. Upungufu wa melanini huathiri pia ukuaji wa jicho, ndiyo maana wengi wa watoto hawa wana uoni hafifu, macho yao huchezacheza na mwanga mkali huwaumiza. Miwani husaidia, ila haiwapi uoni kamili. Sasa mweke mtoto huyo dawati la nyuma, darasa la wanafunzi 80, dirisha likimmulika usoni. Atanakili kwenye daftari la jirani, atakemewa kwa kuchelewa, na muhula ukiisha ataitwa mzito wa kuelewa. Huko ni kumwonea.

Tanzania ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu tangu mwaka 2010, na mitihani ya maandishi makubwa ni wajibu wa serikali. Lakini kumketisha mtoto mbele, mbali na mwanga wa dirisha, kumsomea kwa sauti kinachoandikwa, kumruhusu ausogelee ubao, avae kofia pana hata akiwa na sare, hayo mwalimu anaweza kuyaanza kesho asubuhi bila kusubiri waraka wala bajeti. Nawe mzazi, usingoje kuitwa shuleni. Nenda ukamweleze mwalimu mwanao anaona hadi umbali gani.