Dunia Imepita Mlangoni Petu

Mazungumzo ya mwalimu mstaafu wa Historia katika mkutano mkuu wa mwaka wa chama chetu, Dar es Salaam

  

Mwenyekiti ameniomba nieleze kwa nini mwaka huu fungu la elimu katika harambee yetu limeelekezwa kwenye somo la Historia. Baadhi yenu mmeniuliza pale mlangoni, tena bila kuficha: "Mwalimu, historia itampa mtoto kazi gani?" Swali ni la haki na nitalijibu. Lakini kwanza niungame.

Nimefundisha Historia sekondari zaidi ya miaka thelathini, na miaka mingi ya mwanzo nilifundisha vibaya. Nilikuwa naingia darasani na daftari langu la notisi, naandika ubaoni kwa Kiingereza, watoto wananakili, kengele inalia, nakwenda zangu. Siku moja kidato cha tatu tulifika mada ya upinzani dhidi ya ukoloni. Nikaandika jina la Abushiri bin Salim, na chini yake sababu tano za kushindwa kwake. Binti mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, huyu Abushiri alikuwa wa nchi gani?"

Waungwana, binti yule alizaliwa Pangani. Abushiri alinyongwa Pangani, tarehe 15 Desemba 1889. Nikatazama darasa zima, hakuna aliyejua. Kosa halikuwa la binti. Lilikuwa langu mimi niliyempa sababu tano na nisimwambie kuwa jambo lenyewe lilitokea mtaani kwao.

Kesho yake nikaacha daftari mezani, nikawasimulia kwa Kiswahili. Mwezi Aprili 1888 Sultani Khalifa wa Zanzibar alitia saini mkataba wa kuikabidhi pwani yetu kwa kampuni ya Kijerumani. Mwezi Agosti watu wa kampuni wakafika Pangani na bendera yao, wakiongozwa na Emil von Zelewski. Watu wakakataa, na pwani nzima ikawaka moto. Kampuni ikashindwa, ikabidi serikali ya Ujerumani imlete Hermann von Wissmann na jeshi. Nikawauliza watoto: jeshi hilo alilipata wapi? Askari wake wengi walikuwa Wasudani walioajiriwa Cairo, na wengine walitoka Msumbiji. Na kwa nini kulikuwa na askari Wasudani Cairo waliokuwa tayari kuajiriwa? Kwa sababu mwaka 1885 Mahdi aliiteka Khartoum, na utawala wa Misri kule Sudan ukavunjika.

Hapo ndipo nilipoona macho ya watoto yakifunguka. Tulianzia ufukweni kwetu, tukafika Berlin, Cairo na Khartoum, na hakuna aliyesinzia. Mmoja akauliza Zelewski aliishia wapi. Nikamjibu: aliuawa Lugalo, Iringa, mwezi Agosti 1891, alipokwenda kupigana na watu wa Mkwawa. Mada ambayo kitabu kimeigawa vipande vipande, wao wakaiona ni mkasa mmoja.

Tangu siku hiyo sikufundisha tena historia ya dunia kama habari za mbali. Dunia imepita mlangoni petu. Kazi ya mwalimu ni kumwonyesha mtoto nyayo zake.

Tazameni mkonge. Asili yake ni Mexico. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida kupitia Hamburg. Iliyofika hai ni 62 tu, ikapandwa Kikogwe, kwetu Pangani. Kutoka miche hiyo 62 Tanganyika ikaja kuwa mzalishaji mkubwa wa mkonge duniani. Kufikia mwaka 1964 tulikuwa tunatoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Vilipozuka vita vya Korea mwaka 1950, bei ilipanda sana. Zilipokuja kamba za nailoni na plastiki, bei ikaanguka, na mashamba yakaota vichaka. Mtoto akielewa hilo, ameelewa soko la dunia ni kitu gani.

Mkonge ndio ulionileta mimi pia. Baba yangu alitoka Kigoma kuja kukata mkonge. Alikuwa manamba. Mnajua neno hilo lilitoka wapi: mtu alipoandikishwa alipewa namba, na namba ikawa ndiyo jina lake. Leo nasimama mbele yenu kama mwana-Pangani, na hakuna aliyewahi kuniuliza namba. Lakini watoto wangu nao wana haki ya kujua kwamba babu yao alifika hapa kwa sababu ya kamba zilizohitajika Ulaya na Marekani.

Tazameni na Tanga mjini. Novemba 1914 Waingereza walishusha pale askari wapatao 8,000, wengi wao kutoka India. Wajerumani na askari wao Waafrika walikuwa kiasi cha 1,000, wakashinda. Mnaosimuliwa na wazee ni nyuki, na kweli nyuki walikuwepo. Lakini mwalimu lazima aulize: askari wale walifikaje kutoka Moshi kwa haraka vile? Kwa reli ya Usambara, iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893. Reli iliyojengwa kubeba mazao ikabeba vita. Vita vilivyoanzia Ulaya mwishoni mwa Julai vilikuwa vimefika bandarini kwetu kabla mwaka haujaisha.

Lipo jambo moja, ndugu zangu, ambalo ni gumu kusema mbele za watu. Abushiri tunayemsifu alikuwa na shamba la miwa, na mashamba ya miwa ya Pangani yalilimwa na watumwa. Mji wetu ulitajirika kwa misafara ya pembe na ya watu. Katika ukumbi huu tumo wajukuu wa waliomiliki, na tumo wajukuu wa waliomilikiwa, na tumeoana, na tunazikana. Wako wazazi waliowahi kuniambia, "Mwalimu, hayo yaache." Nawaelewa. Lakini Wajerumani walipoizuia pwani yetu kwa manowari mwishoni mwa mwaka 1888, wakiwa pamoja na Waingereza, sababu waliyoitangaza ni kupiga vita biashara ya watumwa. Mtoto asiyeambiwa ukweli wa nyumbani hataweza kutambua ukweli unapotumiwa kufunika nia nyingine. Nataka mtoto ajue yote mawili: kwamba tulionewa, na kwamba nasi tulionea.

Sasa turudi kwenye swali la mlangoni. Historia itampa mtoto kazi gani? Sitawadanganya. Haimpi cheti cha ufundi. Lakini mwaka 1888 pwani yetu ilitolewa kwa karatasi iliyotiwa saini Unguja, na waliokuwa wakiishi juu ya ardhi ile hawakuulizwa. Leo pia watu wanakuja na karatasi, wakitaka kiwanja cha ufukweni, na wengine ni watu wema kabisa. Namtaka kijana wa Pangani aulize: karatasi hii imeandikwa na nani, kwa miaka mingapi, na sisi tunabaki na nini? Nafikiri ujuzi huo unalisha nyumba.

Mtasema, mtihani hauulizi Kikogwe. Ni kweli. Mtihani unauliza Mapinduzi ya Viwanda, kugawanywa kwa Afrika, vita vikuu na uchumi wa kikoloni, na unauliza kwa Kiingereza. Katika mtaala mpya lipo somo la Historia ya Tanzania na Maadili linalofundishwa kwa Kiswahili, na hilo nalishukuru. Kwa somo la Historia lenyewe, njia niliyoiona ikifaa ni hii: jambo lieleweke kwanza kwa Kiswahili, kwa mfano wa kwetu, kisha liandikwe kwa Kiingereza. Anayekariri bila kuelewa husahau sentensi moja na jibu lote likampotea. Aliyeelewa hata Kiingereza chake kikichechemea, ana la kuandika.

Kwa hiyo tunaomba vitu vinne. Kwanza, ramani kubwa ya dunia na ya Afrika kwa kila shule ya sekondari ya kwetu. Nimefundisha miaka nikichora Ulaya kwa chaki, na haikupata kufanana na Ulaya. Pili, vitabu vya maktaba, mwanafunzi asitegemee daftari la mwalimu peke yake. Tatu, nauli ya basi, ili kidato cha tatu kila mwaka kitembelee Kikogwe, magofu ya Tongoni na makaburi ya vita Tanga. Nne, vinasa sauti viwili. Wazee waliokata mkonge wanaondoka mmoja mmoja. Baba yangu aliondoka kabla sijamwuliza namba yake ilikuwa ngapi. Nilikuwa mwalimu wa Historia, na sikumwuliza. Wanafunzi wakitumwa na kifaa hicho kwa babu na bibi zao, huenda wakaokoa nilichokipoteza mimi.

Binti yule aliyeniuliza Abushiri ni wa nchi gani, leo naye ni mwalimu. Mwaka jana aliniomba nimwazime ramani, nikamwambia sina.

Bahasha ziko mezani mbele yenu. Haba na haba hujaza kibaba. Atakayetoa nauli ya mtoto mmoja, ametoa; atakayetoa ramani nzima, Mungu amzidishie.