Chinsaga, Jamaa wa Mkepa, Katika Bustani ya Nyumbani
(Maneno ya mazungumzo kwa watu wa Mosocho na majirani zao wa Kisii na Nyamira)



Nimeombwa niseme juu ya mmea uletao kepa, na namna ya kuupanda katika bustani ya nyumbani. Kiswahili hakina jina lake la zamani, kwa hiyo nitauita mkepa, na tunda la kazi yake kepa. Ni kichaka cha miiba cha nchi zilizo kando ya Bahari ya Kati, kama Italia, Hispania na Moroko. Vitumba vya maua yake huchumwa kimoja kimoja kwa mkono kabla havijachanua, hutiwa chumvi au siki, na huliwa kidogo kidogo pamoja na samaki au nyama. Mmea huo hupenda mawe, jua kali na mvua haba, hata huonekana umejipenyeza katika nyufa za kuta za kale.

Sasa itazameni Mosocho yenu, hapa kando ya barabara itokayo mjini Kisii kwenda Kisumu. Udongo ni mwekundu, mzito, na mvua ya mwaka mmoja aghalabu hupita milimita 1,500. Mkepa ukipandwa hapa, mizizi yake italowa hata ioze. Na hata ukipona, kepa ni kiungo tu. Haziwezi kumshibisha mtoto. Tena yafaa ijulikane kwamba uko mkepa wa porini katika Afrika yetu, kichaka cha miiba ambacho kimeua mifugo mingi. Basi mtu asichume vitumba vya kichaka asichokijua kwa sababu amesikia neno kepa katika mazungumzo haya.

Lakini mkepa una jamaa ambaye hamhitaji kumtafuta ng'ambo, nayo ni chinsaga. Kwa miaka mingi wataalamu wa mimea waliiweka chinsaga katika ukoo mmoja na mkepa. Siku hizi wameipa ukoo wake wenyewe, ila wasema kwamba bado ni ndugu wa karibu wa mkepa, na ndugu wa kabichi na sukuma wiki pia. Waswahili huiita mgagani, Wajaluo dek, Waluhya tsisaka, na Wakipsigis isagek. Mboga yenye majina mengi namna hii haikosi kuwa na sababu ya kupendwa.

Zamani watu wengi hawakuipanda. Boma la ng'ombe lilipohamishwa, chinsaga iliota yenyewe mahali pale penye samadi, na akina mama walichuma. Leo nafasi ya kuhamisha boma imetoka wapi? Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii, yaani zaidi ya watu 900 kwa kila kilomita moja ya mraba. Chai, kahawa, ndizi na mahindi vimeshika shamba lote, na chinsaga hununuliwa kwa fedha katika soko la Daraja Mbili, na watu ambao nyanya zao waliichuma bure. Kwa hiyo nasema: kitalu cha upana wa mita moja na urefu wa mita nne, nyuma ya jiko, penye jua la kutwa, chatosha kuanza.

Chimbeni vizuri, mchanganye samadi iliyooza, na mwinue tuta, kwa maana chinsaga haivumilii maji yaliyotuama. Pandeni mvua zinapoanza, mwezi wa Machi au wa Septemba. Mbegu ni ndogo mno. Zichanganyeni na mchanga mkavu ili zisimwagike mahali pamoja. Mistari iachane sentimita 30, na mfereji uwe wa kina cha sentimita moja tu. Fukieni, maana mbegu hii huota vizuri zaidi gizani kuliko kwenye mwanga. Baada ya majuma matatu punguzeni miche hata ibaki nafasi ya sentimita 10 au 15. Iliyong'olewa na ipikwe. Isihamishwe kupandwa kwingine, kwa sababu mzizi wake mkuu hushuka moja kwa moja chini, na ukikatika mche hunyong'onyea.

Yako mambo mawili juu ya mbegu ambayo ningependa kila mong'ina wa hapa ayatie moyoni. La kwanza, mbegu mpya hulala. Chinsaga iliyovunwa mwezi wa Julai haitaki kuota mwezi wa Agosti. Huhitaji kukaa kati ya miezi mitatu na sita, mahali pakavu, ndipo iamke. Wengine, wakiona kitalu ni kitupu, huulaumu udongo, au aliyewauzia, au jicho la jirani. Jirani hana hatia. Andikeni mwezi wa mavuno juu ya kibuyu au mkebe wa mbegu, ndipo mjue.

La pili ni zito zaidi. Mmea uliochanua upesi majani yake huwa madogo na machungu, wala hapana autakaye jikoni. Kwa hiyo watu huuacha usimame, nao ndio huwa mama wa mbegu ya mwaka ujao! Ile mimea mizuri yenye majani mapana, ambayo hukawia kutoa maua, imeliwa yote. Mkifanya hivyo mwaka baada ya mwaka, mtakuwa mmejichagulia wenyewe mbegu ya kuchanua upesi, na chinsaga nzuri ya nyumba yenu itapotea bila mwizi. Yapasa kinyume chake: ifungieni uzi mimea michache iliyo bora, iliyochelewa kuchanua, wala mkono usiiguse. Maganda yake yakigeuka rangi kuwa ya manjano, yakateni kabla hayajapasuka, myaanike juu ya mkeka, kisha mpure.

Mimea mingine yote chumeni kuanzia juma la nne hata la sita. Kateni ncha, ili matawi yatoke kando. Na hapa ndipo chinsaga inapotofautiana na jamaa yake: mkepa hulimwa kwa ajili ya vitumba vyake, lakini vitumba vya chinsaga huondolewa kila vinapotokea, ili majani yaendelee kuja.

Adui ni vidukari, wale wadudu wadogo wakaao chini ya jani wakifyonza. Waosheni kwa maji yenye sabuni kidogo. Bomba la dawa ya kahawa lisikaribie kitalu hiki hata kidogo, kwa kuwa mtu atakula majani hayo kesho. Ajabu ni kwamba utitiri huikimbia chinsaga: watafiti hapa Kenya waliipanda katikati ya mawaridi, wakaona wadudu hao wamepungua.

Kupika sitawafundisha, ningechekwa. Nitasema neno moja juu ya maji. Majani haya yana vitamini A, ambayo hulinda macho ya watoto, na vitamini C, na madini ya chuma na chokaa. Desturi ya kumpa chinsaga mama aliyejifungua ina maana yake. Lakini yakichemshwa kwa maji mengi, na maji yakamwagwa ili uchungu upungue, vitamini C nyingi humwagika pamoja nayo. Tieni maji machache, na uchungu uachieni maziwa, kama walivyofanya wazee wenu, waliotia maziwa na kuiacha chunguni hata kesho yake, ikapashwa moto na kuliwa na ugali wa wimbi. Siku hizi maziwa mengi huuzwa asubuhi kabla chungu hakijainjikwa. Kikombe kimoja kikibakizwa kwa ajili ya chungu hicho, nadhani mnunuzi hatalalamika sana.

Mwenye mbegu ya msimu uliopita aweza kupanda mvua zikianza. Mwenye mbegu ya juzi na angoje msimu ufuatao, au amwombe jirani kiganja kimoja cha mbegu ya zamani.