Mali Inayopita Mlangoni: Changamoto na Matumaini ya Vijiji vya Taita Taveta



Nimeombwa nizungumzie changamoto na matumaini ya jamii za mashambani katika nchi zinazoendelea. Mada ni pana, nami nitaibana iingie ndani ya kaunti hii ya Taita Taveta tuliyoketi. Ripoti nyingi huviandika vijiji vyetu kama mahali pasipo na kitu. Mimi naona vitu vimejaa: ardhi, maji, wanyama, vito, msitu, hata reli na barabara kuu ya Mombasa hadi Nairobi. Lakini mwanakijiji amenyimwa nafasi ya kuamua vitu hivyo vitumikeje na faida yake imfikie nani. Hapo ndipo umaskini wetu unapoanzia, na ndipo ninapoiweka hoja yangu yote.

Tuitazame ardhi kwanza. Kaunti ina kilomita za mraba zipatazo 17,000, na asilimia 62 hivi imo ndani ya mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi. Mbuga ya Tsavo ilitangazwa mwaka 1948, enzi za mkoloni, na aliyekuwa akiwinda, akilisha au akirina asali mle hakuulizwa. Sehemu iliyobaki wanaigawana ranchi, mashamba makubwa ya mkonge, miji na wakulima. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 340,671, na wengi wao wamebanana milimani Dabida, Sagalla na Kasigau au kwenye nyanda kavu zilizo chini yake. Madai ya ardhi hapa ni ya zamani kuliko uhuru wenyewe. Chama cha Taita Hills Association kilichoyapigania kilipigwa marufuku na serikali ya kikoloni mwaka 1940. Hadi leo kuna familia zinazoitwa maskwota pembezoni mwa mashamba ambayo babu zao walikuwa wakiyalima.

Maji nayo yana kisa kinachouma. Chemchemi za Mzima, ndani ya Tsavo Magharibi, zimekuwa zikiinywesha Mombasa kwa bomba tangu miaka ya 1950. Bomba hilo linapita kwetu. Sina kinyongo na ndugu zetu wa Mombasa, kwani nao wana kiu. Lakini mama wa nyanda za chini anayenunua maji kwa mtungi, huku akijua chemchemi ilipo, ana haki ya kuuliza bei hiyo ilipangwa na nani. Bomba la pili la Mzima limetajwa katika mikutano na kampeni kwa miaka mingi mno.

Sasa niende kwenye wanyama, na hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndiko maumivu yaliko makali zaidi. Ndovu akiingia shambani usiku, familia hupoteza chakula cha msimu mzima kabla ya alfajiri. Watoto huchelewa shule kwa kuogopa njia. Wanaume hukesha shambani na mabati ya kugonga, na asubuhi hawana nguvu za kufanya kibarua. Sheria ya wanyamapori ya 2013 imeweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa aliyeuawa na milioni 3 kwa aliyepata ulemavu wa kudumu. Kwenye karatasi ni sheria ya huruma. Mashinani, mjane hujaza fomu, hupanda matatu kwenda kuulizia, kisha hungoja mwaka baada ya mwaka. Kwa mahindi na ndengu zilizoliwa, wengi wamechoka hata kuripoti.

Na pesa za watalii? Ada ya kuingia Tsavo huenda kwa Shirika la Huduma za Wanyamapori, KWS, ambalo ni la taifa. Narok hupata mapato ya Maasai Mara kwa sababu Mara ni hifadhi iliyo chini ya kaunti, ilhali Tsavo ni mbuga ya taifa. Mkulima anayepakana na ua wa mbuga hubeba hasara bila kuonja pato. Majirani zetu wa Uganda walilitazama jambo hili na sheria yao ikaagiza asilimia 20 ya ada za langoni irudi kwa jamii zinazopakana na mbuga. Kama inawezekana ng'ambo ya Busia, sioni kwa nini isiwezekane Voi, hasa kwa kuwa Kifungu cha 69 cha Katiba yetu ya 2010 kinaagiza manufaa ya maliasili yagawanywe kwa usawa.

Nimesema magumu. Matumaini ninayoyaona yametoka katika miradi ambayo mwanakijiji mwenyewe ameishika. Pale Sagalla, wakulima wakishirikiana na watafiti wa shirika la Save the Elephants wamezungushia mashamba ua wa mizinga ya nyuki. Mizinga hutundikwa kila baada ya mita 10 na kuunganishwa kwa waya. Ndovu akiusukuma waya, mizinga inatikisika, nyuki wanatoka, naye anageuka, maana anaogopa kuumwa ndani ya mkonga na kandokando ya macho. Utafiti wa miaka tisa uliochapishwa mwaka 2024 ulionyesha kwamba wakati mazao yamekomaa, ua huo ulizuia hadi asilimia 86 ya ndovu waliokaribia. Mwenye shamba huvuna mahindi, na asali juu yake. Nyuki, hata hivyo, wanahitaji maua. Ukame ukikaza huhama, na mizinga mitupu haimtishi ndovu. Ndiyo maana kila fedha ya mizinga inapaswa kuandamana na fedha ya lambo la maji na miti ya maua.

Mfano wa pili ni msitu mkavu wa Kasigau. Mradi wa kaboni unaosimamiwa na kampuni ya Wildlife Works kutoka Rukinga ulikuwa miongoni mwa miradi ya kwanza duniani ya aina yake kuuza kaboni iliyozuiwa kuingia hewani kwa kulinda miti, mwaka 2011. Sehemu ya mapato hupitia kamati za lokesheni, ambazo huamua zilipe basari, zijenge madarasa au matangi ya maji. Utaratibu huu naupenda, ila una udhaifu. Bei huamuliwa ughaibuni, na ikishuka huko, basari zinapungua hapa. Mikataba ni minene na ya Kiingereza. Sheria ya tabianchi iliyorekebishwa 2023 inataka miradi inayotumia ardhi iipe jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya kila mwaka. Asilimia hiyo haina maana kwa kamati isiyofunguliwa vitabu vya hesabu.

Kuhusu vito nitasema machache. Jiwe la kijani la tsavorite limebeba jina la Tsavo hadi kwenye maduka ya dunia, ilhali mchimbaji wetu huliuza likiwa ghafi kwa broka anayejua bei peke yake. Sheria ya madini ya 2016 inatenga asilimia 10 ya mrabaha kwa jamii. Wachimbaji wadogo wakijiunga katika ushirika, na kijana akifunzwa kukata na kupima jiwe hapahapa Voi, sehemu kubwa ya thamani itabaki kwetu.

Ndugu washiriki, napendekeza tuanze na jambo moja lililo ndani ya uwezo wetu: daftari la lokesheni. Kila uvamizi wa wanyama uandikwe siku hiyohiyo, pamoja na tarehe, ukubwa wa shamba, picha ya simu na sahihi ya mzee wa kijiji. Nakala ibaki kijijini, nyingine iende kwa KWS na kwa kamati ya fidia ya kaunti. Nusu ya watunza daftari wawe wanawake, kwa sababu nao huibeba hasara hiyo. Rekodi hizo ndizo wawakilishi wetu watakazoziweka mezani wanapodai sehemu ya mapato ya Tsavo. Mvua za vuli huanza Oktoba, na kufikia Desemba mahindi ya nyanda za chini huwa yameanza kubeba. Madaftari yawe yamegawiwa kabla ya hapo.