Tushone Viti vya Gari Letu Wenyewe

Leo hatukuja na kitabu. Tumekuja na kipande cha kiti.

Kipande hiki kinachopita mikononi mwenu ni ngozi bandia. Kimetoka katika kiti cha mbele cha pikapu ya kikundi chetu. Gari hilo mnalijua. Mchana linapeleka mahindi mnadani, na usiku linapeleka wagonjwa hospitali. Kiti chake kinachukua dereva na abiria wawili. Kwa muda mrefu kiti hicho kilikuwa kimepasuka. Mvua ikinyesha, sponji ilikunywa maji kama tambara. Springi moja ilikuwa imetokeza juu, na dereva aliifunika kwa gunia.

Wakati wa masika tulimpeleka hospitali mama mmoja mjamzito. Alikaa juu ya springi ile njia nzima, maana nyuma kwenye bodi mvua ilikuwa inapiga. Alijifungua salama. Siku aliporudi na mtoto wake aliuliza swali moja tu: "Jamani, kiti hiki mtakitengeneza lini?" Tukatazamana.

Tukaenda mjini kwa fundi wa viti vya magari. Bei aliyotutajia ilikuwa sawa na mifuko minne ya mbolea. Hatumlaumu, ile ni kazi yake na anaijua. Lakini fedha iliyokuwa katika sanduku la kikundi ilikuwa fedha ya mbolea hiyo hiyo. Tulikaa kikao mpaka jua likazama. Mwisho mama mmoja mshonaji, ambaye wengi mmesoma naye darasa moja, akasema: "Mwalimu, kwani kiti si kama nguo? Kina mgongo, kina ubavu. Nionyesheni kilivyoshonwa, nami nitashona." Ndivyo kazi ilivyoanza. Sisi wenyewe, huko chuo cha ualimu, tulifundishwa kuandaa somo na kushika chaki. Kushona kiti hatukufundishwa. Kwa hiyo tunayowaeleza leo tuliyajua kwa kuyafanya, na mengine kwa kuyakosea.

Kabla ya kugusa kiti, soma kwanza. Magari mengi ya siku hizi yana mifuko ya hewa ya usalama, na mengine yamefichiwa mfuko huo ubavuni mwa kiti. Gari likigongwa, mfuko hupasua mshono na kutoka kwa nguvu ili umkinge mtu. Ukiona ubavuni mwa kiti pameandikwa AIRBAG, au herufi SRS, acha kiti hicho kama kilivyo. Kipeleke kwa fundi anayekijua. Ukikishonea ngozi nzito mahali pale, mfuko unaweza kushindwa kutoka siku unapohitajika. Pikapu yetu ni ya zamani, haina mambo hayo. Hata hivyo tulitoa waya wa betri kwanza, ndipo tukafungua nati nne za kiti na kukitoa nje.

Haya, sasa tuko uwanjani, chini ya mwembe. Ngozi ya zamani imefungwa kwa pete za waya zinazoishika kwenye fremu ya chuma. Zikate kwa koleo, moja moja. Usiivute ngozi kwa nguvu, hata kama imechakaa. Ngozi hiyo mbovu ni mali. Ndiyo kipimo chako. Kila kipande kipya utakikata kwa kukifuata kile cha zamani.

Hapa ndipo kusoma na kuandika kunapofanya kazi. Kabla ya kufumua mshono hata mmoja, chukua chaki uandike juu ya kila kipande kinakaa wapi. Sisi tuliandika herufi moja moja ili kuokoa muda. M ikawa mbele, N ikawa nyuma, K ikawa kulia. Halafu tukafika upande wa pili. Kushoto nayo inaanza na K! Mtu mmoja akaandika K, mwingine hakuangalia, tukafumua. Tukabaki na vipande viwili vya ubavu, vyote K, na hakuna aliyejua kipi ni kipi. Ilituchukua asubuhi nzima kuvilinganisha na sponji. Siku hizi tunaandika KL na KS. Afadhali tena kuandika neno zima, kwani chaki ni rahisi kuliko ngozi.

Jambo jingine ni alama za mshono. Chora mstari mfupi unaokatiza mshono, kutoka kipande hiki mpaka kile, kila baada ya sentimita 10. Utakapofumua, kila kipande kitabaki na nusu ya mstari. Zihamishie alama hizo kwenye vipande vipya. Wakati wa kushona, nusu ikutane na nusu yake. Bila hivyo utafika kwenye kona ukute upande mmoja umebaki na mkia na mwingine umeishiwa.

Angalia pia kama ngozi ya zamani imenywea kwa jua. Pima na sponji kwa futi ya fundi cherehani. Vipimo viwili vikigombana, amini sponji.

Kuhusu kununua. Kuna mwenzetu mmoja alituletea plastiki ya kufunikia meza, yenye maua mazuri. Tulimshukuru, tukaifunika meza ya ofisi. Plastiki ile haifai kwa kiti, kwa sababu hupasuka mapema. Ngozi bandia ya viti ina kitambaa kilichoshikamana nayo kwa nyuma. Igeuze dukani uione. Kwa kawaida inauzwa ikiwa na upana wa karibu sentimita 137, yaani inchi 54. Uzi usiwe wa pamba, kwani huoza kwa jasho na maji. Nunua uzi mnene wa poliesta au nailoni. Sindano ya cherehani iwe namba 16 au 18. Sindano nyembamba ya kanga itavunjika.

Mama mshonaji alitumia cherehani yake ya kukanyaga, Singer ya siku nyingi. Watu walisema haiwezi. Iliweza. Mahali penye tabaka mbili alikanyaga polepole. Mahali penye tabaka nne aliacha kukanyaga, akazungusha gurudumu kwa mkono, tundu kwa tundu. Ngozi bandia inang'ang'ania chuma cha cherehani, haitaki kusogea. Dawa yake ni karatasi nyembamba. Iweke chini ya ngozi, shona juu yake, kisha ichane uitoe. Usitumie pini, maana tundu la pini katika ngozi halizibi milele. Tulibana vipande kwa vibanio vya kuanikia nguo.

Tena, hatua za uzi ziwe ndefu, milimita 3 hadi 4. Mshonaji mzuri wa nguo amezoea hatua fupi, na mama yetu alibisha sana juu ya hili. Tukamwonyesha stempu ya barua. Matundu yake yamekaribiana, ndiyo maana inachanika kirahisi. Ngozi nayo ukiitoboa hivyo itachanika kando ya mshono. Alicheka, akakubali.

Sasa tuje kwenye kosa kubwa. Dereva wetu, mzee mwenye kupenda vitu vizuri, alitaka kikalio kiwe na mistari ya kuvimba, ile inayokaa kama matuta ya viazi. Mtindo huo una historia yake. Huko Marekani, vijana wa California, baada ya vita kuu kwisha mwaka 1945, walipenda kununua magari makuukuu. La Ford la mwaka 1932 lilipendwa hasa. Waliyapunguza uzito, wakayatia injini zenye nguvu, wakayakimbiza kwenye mabonde makavu ya jangwani. Magari hayo huitwa hotirodi. Wengi walitaka viti vya matuta, na baadhi walivuka mpaka mpaka mji wa Tijuana, Mexico, ambako mafundi waliwashonea kwa bei nafuu. Wengine, hata leo, hushona wenyewe nyumbani. Basi mzee akasema, kama wao wanashona nyumbani, sisi kwetu si nyumbani?

Matuta hushonwa hivi. Chini unaweka kitambaa, katikati sponji nyembamba ya sentimita 1, juu ngozi. Unachora mistari, kisha unashona juu ya kila mstari. Kikalio chetu kina upana wa sentimita 120. Tukakata ngozi sentimita 120 na nafasi ya mshono, tukachora mstari kila sentimita 5. Mistari 23. Mama akashona siku mbili. Kazi ilikuwa nzuri mno. Tukaipeleka kwenye kiti, ikagoma! Ilikuwa fupi kwa karibu sentimita 6.

Wengine walisema mchawi, wengine walisema futi imekosea. Mama akakaa chini na daftari lake. Akapima tuta moja. Tulichora sentimita 5, lakini baada ya kushona tuta lilikuwa na sentimita 4 na robo tatu. Kila mshono ulikuwa umekula robo sentimita, kwa sababu ngozi inapanda juu ya sponji na kushuka tena. Akaandika robo mara 23. Ni sentimita 5 na robo tatu. Hakuna mchawi. Hesabu hiyo mnaijua nyote, iko katika masomo yetu, lakini siku ile hakuna aliyeikumbuka kabla ya kushika mkasi. Na sisi maofisa ndio tuliokuwa tunasimamia.

Ngozi ile haikupotea. Tuliikata ikawa egemeo la kiti, lenye vipande wazi pande zote mbili kufidia upungufu. Ukiangalia vizuri utaona egemeo na kikalio havifanani. Mzee dereva anawaambia abiria kwamba ndiyo mtindo.

Kwa kikalio tulianza upya, safari hii kwa akili. Kata kipande kikubwa, ongeza sentimita 1 kwa kila sentimita 10. Kwa sentimita 120 kata 132. Shona matuta kwanza. Yakiisha, weka kipimo juu yake, ndipo ukate kwa saizi.

Kabla ya kuvalisha, tengeneza mwili wa kiti. Kutu ya springi iondoe kwa brashi ya waya, paka rangi, iache ikauke. Juu ya springi tandaza gunia gumu, ulifunge kwenye fremu. Bila gunia, springi itaitafuna sponji mpya kama ilivyoitafuna ya zamani. Sponji iliyooza kata sehemu ile tu, uzibe kwa kipande cha sponji ngumu. Paka gundi pande zote mbili, ngoja ianze kunata, kisha bandika. Fanya kazi hii nje penye hewa, mbali na moto. Mvuke wa gundi ile unashika moto upesi, kwa hiyo sigara na jiko la mkaa vikae mbali.

Kuvalisha ni kazi ya mchana wa jua kali. Anika ngozi kwanza mpaka ilainike. Funika sponji kwa mfuko mwembamba wa plastiki ili ngozi iteleze, kisha vuta kama unavyovaa soksi. Anza katikati ya mbele, funga. Nenda katikati ya nyuma, funga. Kisha endelea kuelekea pembeni, kidogo huku, kidogo kule. Sisi tuliweka watu wawili, mmoja kila upande. Nanyi mnajua, mwamba ngoma ngozi huvuta kwake. Matuta yakapinda yote kuelekea kwa yule mwenye nguvu. Tukafungua, tukaanza tena, safari hii mtu wa tatu akisimama mbele na kuwaambia, "Vuta. Acha. Sasa wewe, mama."

Pete za waya hatukupata. Tulitumia waya laini wa kufungia nondo, tukaupitisha katika pindo la ngozi na kuusokota kwenye fremu kwa koleo. Ncha zote tulizikunja zielekee ndani. Pale kwenye kona tulichanja pindo kidogo, bila kufika kwenye mshono, ngozi ikalala. Mikunjo midogo iliyobaki iliondoka yenyewe baada ya siku tatu za jua.

Kiti kikirudi ndani ya gari, kaza nati zote nne kwa spana kubwa, na kesho yake kaza tena. Kitikise kwa mikono miwili. Nati za mikanda ya usalama hatukuzigusa, nanyi msiziguse.

Mbolea ilinunuliwa, ingawa mfuko mmoja pungufu, kwa sababu ya vifaa na ile ngozi tuliyoikata vibaya. Mama aliyekalia springi amepanda gari hilo tena, kwenda kupima uzito wa mtoto kliniki. Alikibonyeza kiti kwa kiganja kabla ya kukaa.

Tumebakiwa na ngozi ya mita moja na nusu. Vijana wawili wa pikipiki wameomba viti vyao vishonwe, nao wamekubali kulipa kwenye sanduku la kikundi. Kiti cha pikipiki ni kidogo na hakina matuta. Kinafaa kujifunzia. Jumamosi saa tatu asubuhi tutakuwa hapa hapa. Mwenye mkasi mkali aje nao, mwenye vibanio vya nguo aje navyo, na kila mtu aje na daftari.