Maji ya Gari Yanakwenda Wapi?

Maneno yaliyosemwa mbele ya wajumbe wa vikundi vya kujisaidia, Msambweni

 

Nimeombwa niseme juu ya vikundi vyenye mradi wa gari. Kwanza mjue kwamba mimi si makanika. Nilisomea kazi ya jamii, na diploma yangu haikunifunza hata kubadilisha gurudumu. Lakini katika kazi hii ya kuzunguka vijijini, kutoka Lunga Lunga mpaka Kinango, nimekaa kando ya barabara nikingojea injini ipoe mara nyingi mno, na kila mara nimeuliza fundi maswali mpaka akachoka. Kwa hivyo leo nitasema juu ya jambo moja tu, maji ya rejeta. Mtasema ni jambo dogo. Ngojeni kwanza kisa.

Kuna kikundi kimoja upande wetu huu. Wameniruhusu nitaje kisa, jina nisitaje. Walichanga miaka minne, wakaongeza na mkopo, wakanunua pikapu iliyotumika. Kazi yake ilikuwa kupeleka nazi na maembe soko la Kongowea, na wakati wa kurudi kubeba mizigo ya watu kwa malipo. Mradi ulikwenda vizuri. Daftari la gari lilikuwa safi: petroli imeandikwa, tairi imeandikwa, posho ya dereva imeandikwa, nauli ya feri imeandikwa. Kitu kimoja hakikuandikwa, nacho ni maji, kwa sababu maji hayanunuliwi.

Dereva alianza kuongeza maji kidogo asubuhi. Kikombe, halafu chupa, halafu lita tano. Aliwaambia kamati mara mbili kwamba gari linakunywa maji. Mara zote mbili walicheka. Mmoja akamwambia, "Basi si uzuri, lingekunywa petroli je?" Wakacheka tena.

Siku hiyo walipakia saruji ya kupeleka Kwale mjini. Mnajua kile kilima cha kutoka Kombani. Jua la saa saba, mzigo mzito, gia ya pili. Sindano ya joto ilipanda, halafu, kabla ya kufika juu, ikashuka yenyewe mpaka kwenye baridi. Dereva akashukuru, akaongeza mwendo. Hakujua kwamba kile kidude kinachopima joto hukaa ndani ya maji. Maji yakiisha, kinabaki kwenye hewa, na chaweza kusema injini ni baridi wakati inaungua. Dakika chache baadaye gari likapoteza nguvu, likatoa harufu, likazima.

Sasa yakatokea makosa mawili, na haya ndiyo yaliyonifanya nikubali kuja kusema leo. Kijana tanboi, kwa bidii yake, alikimbia kufungua mfuniko wa rejeta kwa fulana yake. Mvuke na maji kidogo yaliyobaki yakamrukia mkononi na shingoni. Mpaka leo ana kovu. Halafu, wengine wakimshughulikia yule kijana, mtu akamwaga mtungi wa maji baridi kwenye injini iliyo moto. Kichwa cha injini kikapasuka.

Gari likavutwa mpaka nyumbani, likakaa chini ya mwembe miezi minane. Kuku walitaga kwenye kiti cha dereva. Mkopo haukungoja. Akina mama sita walitoka kwenye kikundi, na dereva akaitwa mharibifu. Nilikwenda kwenye ule mkutano wa kumlaumu. Nikawauliza, nani aliambiwa mara mbili? Hakuna aliyejibu. Mimi nasema kosa la dereva lipo, lakini la kamati ni kubwa zaidi.

Haya, tutazame jambo lenyewe. Petroli au dizeli ikiungua ndani ya injini hutoa joto jingi, na sehemu tu ya joto hilo ndiyo inayosukuma gari. Linalobaki lazima litolewe. Maji huzunguka ndani ya kuta za injini yakisukumwa na pampu, hubeba joto, huja mbele kwenye rejeta, upepo na feni huyapoza, hurudi tena. Ni maji yale yale yanazunguka. Hayapikwi yakaisha kama maji ya wali. Gari zima halina haja ya kuongezwa maji kila asubuhi. Likiongezwa kila asubuhi, kuna mahali yanatoka, na kuongeza bila kuuliza ni sawa na kujaza ndoo iliyotoboka.

Na ule mfuniko si kifuniko cha sufuria. Maji ya sufuria huchemka yakifika digrii 100. Ndani ya rejeta mfuniko huyabana, na yakiwa yamebanwa, tena yamechanganywa na dawa, huweza kufika karibu digrii 120 bado hayajachemka. Ukifungua mfuniko, ule mbano unaondoka mara moja, na maji yote yanachemka kwa pamoja na kuruka juu. Ndiyo maana yule kijana aliungua ingawa gari lilikuwa limeshazimwa. Mfuniko mbovu nao, ambao mpira wake umekatika, hupoteza maji bila kuonyesha tone hata moja chini.

Kwa hivyo tazameni asubuhi, injini ikiwa baridi, gari likiwa pahali palipo sawa. Magari mengi yana kichupa cha plastiki kando ya rejeta chenye alama mbili, ya chini na ya juu. Maji yawe katikati. Lakini kichupa chaweza kudanganya, kikawa kimejaa na rejeta tupu, kwa hivyo kama rejeta ina mfuniko wake, fungua nayo uone. Halafu chungulia chini ya gari. Mama mmoja wa Shimoni alinionyesha ufundi wake: jioni hutandika katoni chini ya injini, asubuhi husoma katoni kama gazeti. Doa jeusi ni oili. Doa la kijani au jekundu, lenye kunata kidogo, ni maji ya rejeta. Maji matupu yasiyo rangi huenda yakawa ya eyakondishena tu, hayo hayana ubaya.

Mahali pa kutazama ni pale mipira mikubwa inapoingia kwenye rejeta na kwenye injini. Ibonyeze ikiwa baridi. Mpira uliovimba, uliolainika kama ndizi mbivu au uliopasuka nyufa ndogo, ubadilishwe kabla haujapasuka njiani. Vibano vyake vikazwe. Pampu ya maji ikianza kuchoka hudondosha kwenye kitundu kidogo chini yake. Rejeta yenyewe huacha alama ya ukoko mweupe au wa kijani pale inapovuja. Ndani ya gari, zulia likiwa na maji upande wa abiria na harufu ya utamu utamu, ni kile kirejeta kidogo cha kupashia joto.

Kama hapo pote ni pakavu, basi ogopeni. Maji yanaingia ndani ya injini kupitia gasketi ya kichwa. Vuta kile kijiti cha oili: oili ikiwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, usiwashe gari hata kulisogeza. Moshi mweupe mzito usioisha hata injini ikishapata joto, au mapovu yanayopanda kwenye rejeta, ni dalili ya ugonjwa huo huo. Gasketi ikibadilishwa mapema ni gharama ya kuumiza. Ikiachwa, ni gharama ya kuua mradi.

Mkiwa njiani na sindano ikapanda, zimeni eyakondishena, washeni hita mpaka mwisho na feni yake. Mtatoka jasho, najua, Diani mwezi wa pili na hita tena! Lakini hita huondoa joto kidogo kwenye injini mpaka mpate mahali salama pa kusimama. Simameni upesi. Msiseme tufike tu Ukunda. Zimeni, fungueni boneti kama hakuna mvuke, na mngoje nusu saa au zaidi. Gusa mpira wa juu wa rejeta kwa tahadhari. Ukiwa bado mgumu na wa moto, mfuniko usiguswe. Ukilainika na kupoa, tandika kitambaa kinene, zungusha robo, ngoja pumzi itoke, ndipo umalize. Uso uwe mbali. Mwageni maji polepole, washeni injini, endeleeni kuongeza hewa inapotoka, kisha fungeni. Hapo mmepata ruhusa ya kufika kwa fundi wa karibu tu, na kusimama njiani kutazama. Kongowea itangoja.

Wale mnaopanga foleni Likoni jueni pia kwamba gari lililosimama linategemea feni peke yake. Gari linalochemka kwenye foleni na kupoa barabarani, anzeni kuangalia feni na mkanda wake. Siku hizi wengine hupitia Dongo Kundu wakaepuka foleni, na ugonjwa hujificha mpaka siku ya kilima.

Sasa, maji gani? Hapa kwetu ni neno kubwa. Visima vya karibu na bahari vina chumvi, na hata vile vitamu vinatoka kwenye mawe ya matumbawe. Tazama ndani ya birika lako la chai, ule ukoko mweupe. Huo huo hujenga ndani ya vijia vyembamba vya rejeta, na chumvi hula chuma. Njiani, ukikwama, maji yoyote safi yasiyo ya bahari yatakuokoa, baadaye yamwagwe. Lakini ya kawaida yawe kulanti, ile dawa ya rangi, aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Msitazame rangi peke yake, wala msichanganye aina mbili. Wengine husema dawa ile ni ya nchi za baridi. Si kweli. Pamoja na kuzuia kuganda, huzuia kutu na huinua kiwango cha kuchemka. Kama mnainunua ile nzito, ichanganyeni na maji yaliyosafishwa kwa mvuke, nusu kwa nusu, ila kama imeandikwa vingine. Mkiagiza dukani semeni vizuri, msije mkapewa asidi ya betri. Yakikosekana kabisa, maji ya mvua yaliyokingwa juu ya bati safi ni bora kuliko ya kisima.

Kulanti ni sumu, tena ina utamu. Mtoto au mbwa hunywa akafurahi. Msiitie kwenye chupa ya soda, wala msiimwage karibu na kisima.

Yai na bizari kwenye rejeta nimeviona kwa macho yangu, na kweli vilifika mjini. Fundi alikaa siku mbili akizibua vijia. Na wale mafundi wanaong'oa thamostati ati pwani kuna joto haina kazi, waulizeni kwa nini mwenye kutengeneza gari aliiweka. Injini isiyopata joto lake hula mafuta zaidi na kuchakaa upesi, na kuna magari ambayo ikitolewa huchemka vibaya zaidi.

Mtu akiungua, mwageni maji safi ya kawaida juu ya jeraha kwa dakika 20, vueni pete na saa kabla ya kuvimba, funikeni kwa kitambaa safi, na apelekwe hospitali. Si dawa ya meno, si mafuta, si yai.

Wazee waliopo hapa wanakumbuka majaribio ya pampu za mkono yaliyoanza Kwale mwaka 1983, yaliyosaidia kuzaa pampu ya Afridev. Wafanyakazi wa KWAHO walikaa na akina mama, na akina mama wakajifunza kufungua pampu kwa spana moja na kubadilisha mipira wenyewe. Palikuwa na watu waliosema mambo ya vyuma si ya wanawake. Pampu ile ikaenea nchi nyingi za Afrika. Basi waliofungua pampu watashindwaje kusoma kichupa cha plastiki?

Nawaomba jambo moja kwenye daftari. Ongezeni mstari wa maji: tarehe, kilomita, kiasi kilichoongezwa, na sahihi ya mtu wa pili asiyekuwa dereva. Kikiandikwa kitu mara mbili ndani ya wiki moja, gari lisipakiwe mpaka fundi alione. Na dereva anayesema gari linakunywa maji asichekwe, maneno yake yaandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano kama ya mjumbe mwingine.

Kikundi kile kimeanza tena. Pikapu ilitengenezwa kwa kuuza mbuzi na kuchanga upya, na wawili kati ya wale akina mama sita wamerudi. Anayetia sahihi kila asubuhi ni mweka hazina, bibi wa miaka sitini na zaidi.

Nimesema vya kutosha. Gari nililokuja nalo liko pale nje chini ya mwembe, limezimwa tangu saa mbili, limepoa. Baada ya chai kila katibu aje afungue mfuniko kwa mkono wake, aniambie ameona nini.