Uhuru wa Kusema na Mipaka Yake

(Nakala ya hotuba iliyotolewa msikitini baada ya sala ya Isha)




Tunamshukuru Mwenyezi Mungu, aliyempa mwanadamu ulimi na akili ya kuutawala, na tunamwombea rehema na amani Mtume wetu Muhammad s.a.w. Maudhui tuliyopewa usiku huu ni uhuru wa kusema: Katiba ya nchi yetu imetupa nini, imetuwekea mipaka gani, na sisi Waislamu tumejiwekea mipaka gani nafsini mwetu.

Tuanze na Katiba. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 iliingiziwa sehemu ya haki za msingi mwaka 1984, na raia akaruhusiwa kuzidai mahakamani kuanzia mwaka 1988. Ibara ya 18 inampa kila mtu uhuru wa kuwa na maoni na kuyaeleza. Hapo awali uhuru huo ulifungwa kwa sharti kwamba usiathiri sheria za nchi. Sharti hilo liliondolewa katika ibara hiyo kwa marekebisho ya mwaka 2005. Ibara ya 19 nayo inalinda uhuru wa imani, na inaifanya kazi ya kutangaza dini kuwa jambo la hiari ya mtu.

Lakini yupo anayeisoma Ibara ya 18 akafunga kitabu kabla ya kufika Ibara ya 30. Ibara hiyo inaeleza kwamba haki ya mtu mmoja isitumiwe kuvunja haki ya mwingine wala kudhuru maslahi ya umma, na inaruhusu Bunge kutunga sheria za kulinda usalama, amani, maadili na heshima za watu. Basi mipaka ipo. Swali ni moja: mpaka huo unawekwa na nani, na kwa kipimo gani?

Kipimo kilitolewa na Mahakama ya Rufaa. Mwaka 1993 iliamua shauri kuhusu sheria iliyomtaka raia apate kwanza ridhaa ya Serikali ndipo aweze kuishtaki Serikali hiyo hiyo. Mahakama iliikataa sheria hiyo, ikaeleza kwamba sheria inayopunguza haki ya msingi isimwachie mtawala nafasi ya kuitumia apendavyo, na isipunguze haki kupita kiasi kinachohitajika kwa lengo lililo halali. Kwa maneno mengine, haitoshi kusema kwamba jambo fulani ni kwa faida ya umma. Lazima ionekane ni faida gani, na kama hapana njia nyepesi zaidi ya kuifikia.

Ndugu zetu, jambo hili linatugusa sisi wenyewe. Wengi mnaikumbuka mihadhara ya kulinganisha dini ya miaka ya 1990. Mnaukumbuka pia mwezi Februari 1998, katika eneo la Mwembechai, Dar es Salaam, ambapo malalamiko kwamba mihadhara ilikuwa inakashifu dini ya wengine yaliishia kwa polisi kuuingilia msikiti, ghasia barabarani, na watu kuuawa kwa risasi. Neno lilitoka mdomoni. Kilichofuata kikawa ni misiba na yatima.

Miaka miwili baadaye, mwaka 2000, mhubiri mmoja wa Kiislamu alikamatwa mjini Morogoro kwa kutamka hadharani kwamba Yesu si mwana wa Mungu. Alishtakiwa chini ya kifungu cha 129 cha Kanuni ya Adhabu, kinachokataza kutamka maneno kwa kusudi la kujeruhi hisia za kidini za mtu mwingine, akahukumiwa kifungo cha miezi 18. Shauri lilipanda hadi Mahakama ya Rufaa, chini ya Jaji Mkuu Barnabas Samatta, na mwaka 2003 hukumu ile ikatenguliwa. Haikuthibitika kwamba alikuwa na kusudi la kuwajeruhi wengine. Alichofanya ni kuitangaza imani yake. Hata hivyo Mahakama haikusema kwamba mhubiri ana ruhusa ya kutamka lolote apendalo. Uhuru wa dini, ilieleza, unatembea pamoja na wajibu wa kuheshimu imani za wenzetu.

Tulitafakari vizuri shauri hilo. Mkristo anapotamka kanisani kwamba Yesu ni mwana wa Mungu, anakanusha itikadi yetu. Nasi tunapotangaza Tauhidi, tunakanusha yake. Lau kama kukanusha kungekuwa kosa la jinai, misikiti na makanisa yote yangefungwa kabla ya jua kuzama. Kwa hiyo sheria haina budi kutofautisha kati ya hoja na matusi, na kati ya kusudi la kufundisha na kusudi la kudhalilisha.

Na tofauti hiyo dini yetu iliijua zamani. Sira inasimulia kwamba ujumbe wa Wakristo wa Najran ulifika Madina, ukapokewa katika msikiti wa Mtume s.a.w., na humo humo ukajadiliana naye juu ya Nabii Isa a.s. Hakuna aliyewafunga midomo. Sahaba Jaafar bin Abi Talib r.a. naye alisimama mbele ya Najashi, mfalme Mkristo wa Uhabeshi, naye ni mkimbizi aliyehitaji hifadhi. Hakuificha imani yake juu ya Isa ili apendwe, wala hakumtusi mwenyeji wake. Alisema ukweli kwa adabu, na Najashi akakataa kuwatoa wakimbizi mikononi mwa Makureshi.

Kadhalika Qur'ani Tukufu, katika Surat al-An'aam, inatukataza kuwatukana hata wale wanaoabudiwa badala ya Mwenyezi Mungu. Na Surat al-Hujuraat inatukataza dhihaka, majina ya kejeli, dhana mbaya na kusengenya, na kutuamuru tuchunguze habari kabla ya kuipokea. Tazameni basi: mengi kati ya haya hayamo katika sheria za nchi. Hakuna askari anayemkamata msengenyaji.

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Mipaka ya kusema ni ya namna mbili. Ipo ile inayowekwa na dola kwa nguvu, nayo yafaa iwe michache na ya wazi. Na ipo ile anayojiwekea muumini kwa kumcha Mungu, nayo yafaa iwe mipana. Hasara yetu ni kuzibadilisha: ulimi tunauachia bila hatamu, kisha tunamkimbilia polisi amnyamazishe aliyetuudhi. Tukimpa mwenye mamlaka rungu la kumpiga jirani yetu kwa sababu ya maneno, tujue kwamba rungu hilo halichagui kichwa. Kesho litaugeukia mimbari wetu, hasa sisi ambao rai zetu haziwapendezi wengi.

Wala watawala wasidhani kwamba tunawapa wao ruhusa ya kuogopa maneno. Sayyidna Abu Bakr r.a. aliposhika ukhalifa mwaka 632, aliwataka watu wamsaidie akitenda haki na wamnyooshe akipotoka. Mwaka 2019 Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki iliona kwamba vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 vinakiuka Mkataba wa Jumuiya, na mwaka 2023 Bunge likalegeza baadhi ya vifungu vya sheria hiyo. Kumbe sheria nayo hukosolewa na kurekebishwa, ikiwa wapo wanaosema kwa utulivu na hoja.

Basi tunausia mambo matatu. Tuzisome Ibara za 18, 19 na 30 pamoja, na tuwafundishe vijana wetu. Tuieleze imani yetu bila woga, lakini tusitaje kitukufu cha mwenzetu kwa kejeli, iwe msikitini, sokoni au kwenye simu. Na mwenye rai tusiyoipenda anapozibwa mdomo kwa dhuluma, tusifurahi. Tumtetee, kisha tumjibu.

Mwenyezi Mungu azihifadhi ndimi zetu, awape hekima viongozi wetu, na aidumishe amani ya nchi yetu. Amin.